Kukloni diski ya chama kabla korosho hazijaingia ghalani

(Mazungumzo na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, Masasi, mkoani Mtwara. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa. Utani uliozidi umepunguzwa.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wa bodi mliokubali kukaa nasi kwenye joto hili, shikamooni. Mameneja, makarani, na nyie wadogo zangu mlioshika laptopu huko nyuma, habari za safari? Wa Newala najua mmeamka na jogoo wa kwanza, kwa hiyo utangulizi tuuache.

Nimeombwa nizungumzie bakapu, yaani nakala za akiba. Somo hilo ni pana, mkinipa nafasi nitaongea mpaka wali upoe. Nitashika kipande kimoja tu: kukloni diski. Yaani kuichukua diski ya kompyuta ya chama na kuinakili nzima kwenda diski nyingine, kuanzia ile sehemu ndogo iliyojificha inayowasha mashine mpaka faili la mwisho kabisa. Ya kwanza ikifa, tunafungua skrubu, tunachomeka ya pili, tunawasha, malipo yanaendelea.

Nimechagua hili kwa sababu ndilo vyama vyetu havifanyi. Kunakili mafaili kwenye flashi mnafanya, wengine kila Ijumaa, hongereni. Lakini tuifuate ile flashi siku ya siku. Diski imekufa mwezi wa kumi na moja, mnada umepita, fedha zimeingia, wakulima wanasubiri. Karani anatoa flashi mfukoni, daftari la wanachama lipo, uzani wa kila mtu upo. Vizuri. Sasa analifungulia wapi? Mnanunua diski, Windows inapandishwa upya. Printa inataka driva, ile programu ndogo ya kuiunganisha na kompyuta, na CD yake ilipotea tangu enzi za meneja aliyepita. Programu ya hesabu inadai namba ya leseni. Kijana aliyeifunga amehamia Dodoma na simu hapokei. Kivinjari kilikuwa kinakumbuka neno la siri la kuingilia MUVU, ule mfumo wa mtandaoni wa usimamizi wa vyama vya ushirika, sasa hakikumbuki, na karani naye hakumbuki, maana miaka yote alikuwa anabofya tu. Kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa vinakula siku nne, wiki, na pale nje watu wamekaa juu ya magunia wanauliza kulikoni. Na ukishaanza kumwambia mkulima "kompyuta imeharibika", ujue kangomba, yule mnunuzi wa magendo, yuko nyuma ya nyumba na fedha taslimu.

Kloni inabeba vyote hivyo kwa mpigo. Windows, driva, leseni, neno la siri lililohifadhiwa, mpaka ile picha ya mjukuu uliyoiweka kwenye skrini.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Tuna MUVU, na mnada wenyewe tangu msimu wa 2024/2025 unapita TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Kweli. Ila kazi za ndani za chama, zile hesabu za makato, orodha za pembejeo, barua, nyaraka mlizoskani, nyingi bado zinakaa kwenye mashine iliyo mezani. Halafu mkumbuke Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilitupitia pwani, maji yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, mabasi yakalala njiani. Hatujakaa sawa, tarehe 12 mwezi huohuo kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Mtu wa Kusini aliyefiwa na diski siku zile, kuipeleka kwa mafundi wa Dar ilikuwa shughuli, na kushusha mafaili yake kutoka mtandaoni ilikuwa shughuli. Diski iliyokwisha kuklonishwa, iliyofungiwa kwenye kabati la ofisi, haihitaji barabara wala kebo ya baharini.

Tuje kwenye kifo chenyewe. Diski nyingi za vyama vyetu ni zile za kuzunguka. Ndani kuna sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuigusa. Nafasi kati yao ni ndogo kuliko punje ya vumbi. Sasa karani anafunga kifuniko cha laptopu bila kuizima, anaitia begani, anapanda bodaboda kutoka ghalani hadi ofisini, barabara ya vumbi na makorongo. Kama mashine haijalala sawasawa, sahani inazunguka njia nzima. Umeme nao unakatika katikati ya kuandika. Mikindani na Kilwa ongezeni hewa ya chumvi. Mimi huwa nashangaa zinadumu vipi kiasi zinavyodumu.

Dalili mnazijua ila mnazipa majina mengine. Kompyuta "imechoka", inachukua dakika kumi kuwaka. Faili linagoma leo, kesho linafunguka. Na ule mlio, tk, tk, tk, kichwa kinatafuta mahali na kupakosa. Msikae mnabahatisha. Ipo programu ndogo ya bure iliyotengenezwa Japani, CrystalDiskInfo. Ifungueni, itawaonyesha afya ya diski kwa rangi: buluu salama, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Chini yake kuna mistari mingi, nyie someni miwili. Wenye namba 05 unahesabu vipande vilivyoharibika ambavyo diski imeshavihamishia pengine. Wenye C5 unahesabu vipande inavyovitilia shaka. Vyote viwili vikiwa sifuri, mko vizuri kwa leo. C5 ikianza kupanda wiki hadi wiki, msisubiri kikao cha bodi. Wazee mnisamehe.

Vifaa ni vichache. SSD mpya, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, adapta ya kuiunganisha kwa USB, bisibisi ndogo, na flashi moja ya kubebea programu. Kuhusu ukubwa, huwa naulizwa: diski yetu ni ya GB 500 lakini tumejaza GB 90 tu, SSD ya GB 240 si inatosha? Inategemea programu. Zipo zinazojua kubana nafasi tupu. Clonezilla, ambayo ndiyo nitakayoitumia leo, kwa kawaida yake inataka diski ya kupokea ilingane na ya kutoa au iizidi, hata kama ndani kuna GB 90. Na kulingana kwenyewe kuna ujanja: diski mbili zilizoandikwa GB 500 kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana kidogo sana, na hicho kidogo kinatosha kuigomesha kazi. Nunueni iliyo kubwa kuliko ya zamani, mahesabu yaishe. Bei isiwatishe; viti vya mkutano mkuu vimegharimu zaidi.

Ila nunueni kwa mtu mnayeweza kumrudia. Sokoni kuna flashi na diski zilizochezewa, zinatangaza TB 2 wakati ndani hazina hata robo yake. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, zikishajaa zinaandika juu ya ya mwanzo. Ukitaka kuijua, ijaze yote kwa programu ya H2testw kisha iisome tena. Ni kazi ya usiku kucha, lakini si wewe unayeifanya.

Sasa maandalizi, na hapa nitakwenda mbio maana karatasi mnazo. Endesheni chkdsk kwanza ili makosa ya mafaili yarekebishwe yasije yakahamia diski mpya. Zimeni kile kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, kwa sababu kikiwa kimewashwa mashine haizimiki kwelikweli, na Clonezilla itaikuta diski imeachwa nusu wazi. Kama laptopu ina BitLocker, kile kifungio cha Windows kinachoficha yaliyomo kwenye diski, kizimeni kwanza, na kabla ya hapo andikeni ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi, karatasi iende kwenye kasha la fedha. Kisha angalieni LUKU. Sicheki. Kazi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na uniti zikiisha katikati kloni hiyo haifai, mnaanza upya. Laptopu ina betri, lakini betri za laptopu za vyama tunazijua.

Muda wenyewe unategemea tundu mnalochomeka. USB 2.0 inapitisha kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 ni karibu saa moja. USB 3.0, mara nyingi ulimi wake ni wa buluu, kazi hiyohiyo inamalizika kwa dakika ishirini hivi, kama diski ya zamani bado ina nguvu za kusomeka.

Clonezilla ni ya bure, imetoka Taiwan. Unawasha kompyuta kupitia flashi, Windows ikiwa haijaamka kabisa, na huo ndio uzuri wake: hakuna faili linalotumika wakati linanakiliwa. Sura yake ndiyo haivutii. Ni maandishi matupu, hakuna kubofya kwa mausi. Wasiopenda watumie programu zinazotolewa bure kwa wanunuzi wa baadhi ya SSD; Crucial na Kingston hutoa Acronis. Toleo la bure la Macrium Reflect, ambalo wengi mlilizoea, lilisitishwa, kwa hiyo anayewapa "la bure" kwenye flashi yake sasa hivi mumuulize kalitoa wapi.

Clonezilla itawauliza kama mnataka diski kwenda diski, au diski kwenda faili la picha, yaani diski nzima kufungwa ndani ya faili moja. Chagueni diski kwenda diski. Halafu inaleta orodha. Pale kuna sda, ukubwa wake, jina la mtengenezaji, namba yake ya kiwandani. Chini yake sdb, vivyo hivyo. Kwanza inataka chanzo, halafu inataka ya kupokea.

Hapa mikono itoke kwenye kibodi.

Ukizigeuza, programu itakutii. Itachukua diski mpya ambayo haina kitu na kuinakili juu ya diski ya chama. Itakuuliza mara mbili kama una uhakika, na watu hubonyeza y wakiwa wanaongea na simu. Baada ya hapo hakuna fundi wa Masasi wala wa Dar atakayekurudishia kilichoandikwa juu yake. Msitegemee majina sda na sdb, maana yanaweza kubadilika kulingana na tundu mlilochomeka. Msitegemee ukubwa, maana siku mkinunua diski mbili zinazolingana mtakwama. Fanyeni hivi: kabla ya kuanza, bandikeni kipande cha plasta ya karatasi juu ya diski ya zamani, andikeni KUTOKA na herufi nne za mwisho za namba ya kiwandani. Mpya andikeni KWENDA, na zake nne. Kwenye skrini, mmoja asome namba kwa sauti, mwingine ashike diski mkononi na kuitika. Kwenye mzani hamkubali mtu mmoja apime na aandike peke yake. Na hapa iwe hivyohivyo.

(Mzee mmoja aliinua mkono kuuliza kama ni lazima mambo yote haya, maana wakati stakabadhi ghalani inaanza kwenye korosho hapa Mtwara mwaka 2007 waliendesha kwa daftari na kaboni, na hakuna kilichopotea.)

Mzee, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Kaboni ile ilikuwa bakapu safi kabisa: nakala ilizaliwa dakika ileile, na ukiitazama unaona kama imetoka au haikutoka. Tatizo la kloni ni kwamba kwa macho huijui. Diski iliyonakiliwa vizuri na iliyoharibika zina sura moja, uzito mmoja. Ndiyo maana nataka kukaa zaidi kwenye hatua inayofuata, ambayo wengi wanaikimbia.

Programu ikisema imemaliza, zimeni kompyuta. Toeni diski ya zamani. Itoeni kabisa, isiwe ndani wala kwenye USB. Kloni inabeba hata alama ya utambulisho ya diski ya kwanza, na Windows ikiziona mbili zenye alama moja kwenye mashine moja itaifungia mojawapo, au itachanganya herufi za diski, na mtakuwa mmejitafutia kazi. Wekeni mpya mahali pa ya zamani, washeni.

Ikiwaka, bado. Fungueni programu ya hesabu, ingieni kwa jina la karani, tafuteni mwanachama mmoja wa mwanzo wa orodha na mmoja wa mwisho. Chapeni karatasi moja kwa printa ileile. Fungueni waraka mmoja mlioskani msimu uliopita. Ingieni MUVU. Hapo sasa mnayo kloni. Kabla ya hapo, kwenye taarifa ya bodi msiandike kwamba ipo.

Ikigoma kuwaka, msiikimbilie diski kuilaumu. Mara nyingi ni mpangilio wa BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine: diski imepangwa kwa mtindo mpya wa GPT na mashine inatafuta kuwaka kwa mtindo wa zamani, au kinyume chake. Mara nyingine ile patisheni ndogo ya kuwashia iliachwa, mtu alichagua kunakili C peke yake. Na mkiona SSD ya TB 1 inaonyesha nafasi ileile ya GB 500 ya zamani, hamjaibiwa. Nafasi iliyobaki ipo, haijagawiwa tu. Na mkiona GB 931 badala ya 1,000, hapo napo hamjaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Yapo mambo mawili ambayo kloni haiyafai. Kwanza, kompyuta mpya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi ambao sisi huku tunawaza maghala, na vyama vingi vimelazimika kufikiria mashine mpya kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu zetu za zamani hazina. Kuna wanaodhani watakloni ya zamani waitie kwenye mpya. Mtakuwa mmehamisha Windows 10 ileile iliyoachwa, na leseni yake kwa kawaida imefungwa na bodi ya mashine ya kwanza, haihami. Mashine mpya ianze upya, mafaili yahamishwe, programu zifungwe moja moja kwa utulivu mwezi wa saba, na diski ya zamani ihifadhiwe kama faili la picha ili mkikumbuka kitu mlichokisahau mkipate.

Pili, diski iliyokwisha kuanza kulia tk tk. Hiyo msiikloni kwa njia ya kawaida, itakufia mkononi wakati programu inang'ang'ania kipande kimoja kibovu. Ipo ddrescue, nayo ni ya bure, yenyewe hukusanya kwanza sehemu nzima, mbovu inaziruka, halafu inazirudia mwishoni, na inaandika ramani ya ilipofikia ili umeme ukikatika iendelee palepale. Tena kila mnapoiwasha "kuona kama itakubali leo" mnaikata maisha. Izimeni, mniite.

Na kloni iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta masaa yote si bakapu. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fedha, kama WannaCry ya Mei 2017, vinafunga kila diski vinayoiona. Kloni ikishathibitishwa, diski inayobaki akiba ichomolewe, itiwe kwenye mfuko mkavu, iende kabatini. Kwa kazi ya kila wiki tumieni faili la picha kwenye diski ya nje. Linabanwa, na diski moja inaweza kubeba picha za miezi kadhaa, kwa hiyo kosa lililoingia wiki ya pili mnaweza kurudi wiki ya kwanza. Picha moja ikae nje ya ofisi. Si kwa karani anayekaa nyumba ya pili kutoka ghalani, maana moto ukiwaka hauchagui.

La mwisho ni diski ya zamani. Ikiwa nzima, ndiyo akiba yenu, SSD mpya ndiyo ifanye kazi. Ikiwa mbovu, haiendi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Humo kuna majina ya wanachama, simu zao, akaunti zao za benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana nyie mnaozishika. Kufomati kwa haraka kunaondoa orodha ya mafaili tu, mafaili yapo palepale, kijana wa kibandani anayarudisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa diski ya kuzunguka ondoeni ile alama ya haraka, mfomati kwa kirefu, Windows itaandika sifuri diski nzima. SSD ifutwe kwa programu ya mtengenezaji wake. Isiyosomeka tena, fungueni mtoboe sahani, mwenyekiti akishuhudia na ikiandikwa kwenye kitabu cha mali za chama.

Haya. Meza ile pale ina adapta tatu na UPS moja ya kushikilia umeme ukikatika. Kila aliyekuja na laptopu ya chama afungue CrystalDiskInfo aangalie 05 na C5. Za buluu zisubiri mpaka baada ya chakula. Yenye njano ije mbele sasa hivi, na atakayeileta aje na mwenzake wa kusoma namba.